Duka la Kanga la Mtaa wa Gizenga

Bahari ilichafuka tangu Dar es Salaam, na chumba cha Shangani, kisicho hata na feni ya maana, kimenila fedha ambazo Tanga ningekula wiki nzima. Nililofuata Unguja ni duka la Mtaa wa Gizenga, Mji Mkongwe, alikonunuliwa shangazi yangu kanga za harusi.

Mlango nimeukuta, ule wa Kigujarati wa vibao vya mraba, ukikunjwa duka lote linatazama njiani. Kanga hamna. Ndani zimetundikwa picha za Tingatinga, bei kwa dola. Nilipouliza kitambaa nikaonyeshwa kikoi kimoja, dola 20! Nikatoka.

Barazani nyumba ya pili alikaa mzee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Nilikaa hadi adhana ya alasiri. Mtaa huo ndiko alikozaliwa. Anamkumbuka Muhindi wa vitambaa, duka chini, mke na watoto juu, akipima kwa wari na kuwakopesha watu wa shamba mpaka msimu wa karafuu. Yalipokuja Mapinduzi, Januari 1964, akafunga akaondoka, nyumba ikawa ya serikali. Ikafuata miaka ya foleni, na pale pale watu wakapanga mstari kungoja mchele na sukari. Akaingia fundi cherehani. Biashara ilipofunguliwa miaka ya 1980, duka lake likajaa nguo na redio za Dubai. Watalii walikuwa wameshaanza kuja. UNESCO ilipoutia Mji Mkongwe katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, wakazidi, na kodi ikapanda hadi fundi akashindwa.

"Wote hao nilinunua kwao," akasema mzee. "Huyu wa sasa, kijana mwema, ananisalimia kila asubuhi. Lakini uzi wa kanzu naufuata sokoni Darajani, na miguu hii unaiona."

Hilo ndilo lililoniuma. Mlango umehifadhiwa vizuri, umepakwa mafuta, na anayeishi hatua chache kutoka hapo hana cha kununua. Kwetu Ngamiani, Tanga, ukimtuma mtoto na shilingi elfu moja anarudi na chumvi na kiberiti. Wageni nao wataanza kutujia kwa wingi, na waje. Ila wenye nyumba wa kwetu nawaomba, mtakapopandisha kodi, mbakizeni japo muuza uzi mmoja kila mtaa.