Ko-omote yangu: huyu hahuzuniki, amenuna

Wiki ya 1
Nimeanza. Nachonga ko-omote, uso wa msichana unaovaliwa kwenye noh, mchezo wa jukwaani wa Japani uliokomazwa na Kan'ami na mwanawe Zeami karne ya 14. Gogo langu ni hinoki, jamaa ya msaipresi, mti laini usiosumbua patasi. Una harufu nzuri mno. Asubuhi ya kwanza nilinusa kuliko nilivyochonga.

Urefu wa kinyago ni sentimita 21 hivi, upana 13 na nusu. Kila anayeona picha ananiuliza, si kidevu cha mvaaji kitatokeza chini? Kitatokeza. Ndivyo kinavyovaliwa.

Wiki ya 4
Hapa mtu habuni sura, ananakili. Nina vipande vya kadibodi vilivyokatwa kufuata umbo la kinyago cha zamani: kimoja cha kushuka kutoka paji hadi kidevu, vingine vya kukatisha machoni, puani na mdomoni. Unakiegemeza kipande kwenye mti, unatazama dhidi ya dirisha. Kikikwama, punguza. Mwanga ukipenya chini yake, umeshakula mti kupita kiasi.

Nilidhani kunakili ni kazi ya wanagenzi. Kumbe mabingwa nao hunakili, wengine mpaka mikwaruzo na rangi iliyobanduka.

Wiki ya 7
Mwanga umepenya. Shavu la kushoto, milimita mbili nzima. Nikajifanya mjanja, nikashika patasi nipunguze la kulia yalingane. Mwalimu akanizuia mkono, akaniwekea kadibodi pande zote mbili: hata kwenye kinyago cha asili mashavu hayalingani! Ningeyasawazisha ningeharibu mara mbili. Dawa ilikuwa kuurudisha uso wote nyuma, paji, pua, midomo, kila kitu, na bahati yangu nilikuwa sijachimba upande wa ndani. Kazi ya wiki tatu ikaanza upya.

Wiki ya 11
Nimetoboa macho. Kwenye ko-omote tundu la mboni ni la mraba, dogo. Nikakivaa. Dunia yote ikawa vitundu viwili, miguu yangu siioni, na nikagonga meza. Sasa naelewa kwa nini jukwaa la noh lina nguzo pembeni ambayo mwigizaji huikazia macho ajue alipo, wanaiita metsuke-bashira.

Wiki ya 13
Gofun: unga mweupe wa magamba ya chaza, unaokorogwa na nikawa, gundi inayotokana na ngozi za wanyama. Gundi ipate joto tu, isichemke, la sivyo inapoteza nguvu. Ikizidi, rangi inapasuka. Ikipungua, inatoka vidoleni kama chokaa ya ukutani. Unapaka, unasubiri ikauke, unapiga msasa, unapaka tena. Ambalo sikuambiwa (au niliambiwa nikapuuza) ni kwamba kila mpako unameza mistari. Kope nilizochonga kwa siku mbili sasa ni kama za mtu aliyeamka na usingizi. Mkichonga, acheni kingo ziwe kali kidogo kuliko mnavyotaka.

Wiki ya 15
Jaribio la taa moja, ikiwa juu. Ukiinua kinyago kidogo, uso unakunjuka kama unataka kucheka. Kitendo hicho huitwa terasu, kuangaza. Ukiinamisha ni kumorasu, wingu linatanda. Hakuna kinachosogea, ni kivuli tu kinachohama.

Wangu ukiinuliwa, safi kabisa. Nilikaa nikiuinua na kuushusha mpaka chai ikapoa. Ukiinama, tatizo: huyu hahuzuniki, amenuna. Nimechunguza, kosa liko kwenye pembe za mdomo. Gofun imejaa pale, kivuli hakiingii, midomo inaonekana imebanwa kwa hasira.

Jumamosi nakwangua pembe zote mbili hadi kwenye mti, nipake upya mara chache, kwa brashi nyembamba. Nyusi zinazopakwa juu kabisa ya paji, na meno ya kutiwa weusi kama walivyofanya mabibi wa kale wa Japani, zitasubiri. Rangi haiingii mpaka ajue kuhuzunika.