Siku moja na Mustang "iliyofufuliwa": kukagua gari kuukuu Unguja

Saa 1:00 asubuhi

Vifaa vinahakikiwa kabla ya chai: mashine ya kupimia unene wa rangi, sumaku iliyofungwa kitambaa, geji ya kompresheni, tochi, kioo kidogo chenye mkono, brashi ya waya na chaki. Mashine ya rangi hujaribiwa kwanza juu ya kipande cha chuma kitupu. Isiposoma sifuri, isahihishwe hapo hapo. Iliyolala ndani ya gari juani hudanganya.

Gari ya leo ni Ford Mustang ya 1967, imeshuka kutoka Dubai na inauzwa kwenye yadi moja upande wa Mwanakwerekwe. Anayeitaka ana hoteli Paje, anataka iwe ya kubebea maharusi. Tangazo linasema mambo manne: imevuliwa bodi hadi chesisi ikajengwa upya, injini ni ya asili, ni GT (toleo la kispoti), haina kutu.

Saa 2:15

Kufika mapema kuna faida mbili. Jua la pembeni huonesha mawimbi kwenye bati, na la mchana huyafuta yote. Pia injini inatakiwa ikutwe baridi. Mkono unawekwa juu yake kabla ya salamu kwisha. Ikiwa ina joto, kuna kitu kimefichwa, mara nyingi uwakaji mgumu au moshi wa mwanzo. Hii ni baridi. Vizuri.

"Bwana fundi, hii bodi ilitolewa yote kwenye chesisi," anasema kijana wa yadi.

"Chesisi ipi, ndugu yangu?"

Mustang haina chesisi ya kuvuliwa. Bodi na fremu yake vimechomelewa pamoja, kitu kimoja. Aliyeijenga upya kwelikweli angesema iliwekwa kwenye mtambo wa kuzungushia bodi ili achomelee tumboni. Dai hili haliwezekani kwa gari hii, na anayelirudia ama hakuiona kazi yenyewe ama amenakili tangazo la gari nyingine.

Saa 3:00

Namba. Sahani ya mlangoni haitoshi, kwa sababu Marekani zinauzwa sahani mpya za kugongewa chochote. Tunafungua boneti na kusugua grisi kwenye bati la ndani la fenda ya kushoto, ilikogongwa namba yenyewe. Inaanza 7R01T. Saba ni 1967, R ni kiwanda cha San Jose, 01 ni bodi ya paa la bati lisilofunguka. T ni injini ya silinda sita, inchi za ujazo 200.

Chini ya boneti kuna V8, injini ya silinda nane.

Hapo madai mawili yameanguka kwa herufi moja. Kifurushi cha GT kiliwekwa kwenye V8 tu, na namba za Mustang za mwaka ule hazina herufi ya kuonesha GT. Beji ya ubavuni pia inajisema: giaboksi ni otomatiki, na GT za otomatiki za 1967 ziliandikwa GTA. Hii imeandikwa GT.

Saa 3:40

Hesabu nati za magurudumu. Nne. Mustang za silinda sita zilikuwa na nati nne, za V8 tano. Maana yake aliyepachika V8 aliacha difu na breki za injini ndogo. Dram za silinda sita ni inchi 9, za V8 inchi 10. Kwa wapenda gari hili ni suala la asili. Kwa bibi harusi wa Paje ni suala la gari kusimama. Linaandikwa juu kabisa ya ripoti.

Saa 4:15

Rangi. Bati moja hupimwa sehemu sita, chini zaidi kuliko juu. Rangi ya kiwandani ya enzi zile husoma karibu mikroni 100 hadi 150. Iliyopigwa upya kwa ustadi 200 hadi 350. Ikipita 1,000 unapima puti. Mlango wa kushoto: 240, 260, 255. Boneti ni hivyo hivyo. Nyuma ya gurudumu la nyuma kulia: 1,900, na sumaku inateleza kama imewekwa kwenye sahani ya udongo.

Tunaingia kwenye buti na kioo na tochi. Kwa ndani, bati jipya limelazwa juu ya la zamani lililooza na kushikwa kwa riveti; mikia minne inachungulia, mmoja una kutu mbichi ya rangi ya chungwa. Kiraka cha namna hii hunasa unyevu kati ya bati mbili, na kwa hewa yetu ya chumvi rangi huanza kuvimba kutoka chini.

Picha za "kazi" tulizopewa ni 12. Zote zimepigwa baada ya rangi. Picha yenye thamani ni ya bati tupu.

Saa 5:30

Mtihani wa ndoo. Lita 10 za maji, polepole, kwenye matundu yaliyo chini ya kioo cha mbele. Maji yanatakiwa yatokee chini, nyuma ya fenda. Upande wa kushoto yametoka. Kulia, mengi yameingia miguuni kwa abiria. Mfereji wa ndani umeliwa, na kuutengeneza ni kutoboa vijichomeleo vingi kimoja kimoja. Muuza gari asiyejua haya huweka kapeti nene.

Adhuhuri, kisha wali na samaki. Tusikawie hapo.

Saa 8:00 mchana

Injini imeshapashwa. Plagi zote nane nje, kabureta wazi, stata izungushe mara tano au sita kwa kila silinda. Saba zimesoma kati ya psi (pauni kwa inchi ya mraba) 138 na 150. Ya tatu imesoma 95, wakati ya chini kabisa haitakiwi kupungua robo tatu ya ya juu. Kijiko cha mafuta ya injini kinatiwa ndani na kupimwa tena: 98. Ingepanda sana tungelaumu ringi. Haikupanda, basi yaelekea ni vali.

Karibu na stata, brashi inafichua alama ya tarehe bloku ilipomiminwa kiwandani: 9D22. Ni tarehe 22 Aprili 1969. Mwaka ule 289, V8 ya inchi za ujazo 289 iliyowekwa kwenye Mustang za 1967, haikuwapo tena kwenye Mustang. Hii ni 302. Ikumbukwe pia kwamba V8 za kawaida za 1967 hazikugongwa namba ya gari kwenye bloku, kwa hiyo "namba zinalingana" (yaani injini na bodi zina namba moja) kwa mwaka huu ni maneno matupu hata kwa gari nzuri.

Saa 11:00 jioni

Ripoti kurasa mbili. Gari yenyewe haijakataliwa. Ikiuzwa kama Mustang ya silinda sita iliyowekewa V8 ya 302, rangi mpya na viraka nyuma, ina bei yake, ukitoa gharama za difu, breki, vali na ule mfereji.

Muuzaji amekubali kufuta "GT" na "injini ya asili". "Haina kutu" anataka ibaki. Kesho saa 2:00 kapeti inatolewa mbele yake na mnunuzi.