Siku moja maishani mwangu: "Bofya hapa" mara kumi na nne

Saa 11:30 alfajiri niko kituoni Tegeta na fimbo yangu nyeupe. Nikibahatika napata siti ya mbele, namsikiliza konda hadi Makumbusho: Africana, Lugalo, Mwenge, Bamaga, Sayansi.

Kazi yangu ni kukagua tovuti kabla mteja hajakabidhiwa. Sioni, natumia NVDA, programu ya bure inayosoma skrini. Nimeiongezea kasi hadi wenzangu wanasema ni kama nzi kwenye chupa. Wengi wanadhani nimewekwa hapa kwa hisani. Jamani, nalipwa mshahara, na ripoti zangu zinawarudisha watu mezani.

Saa 2 mpaka saa 4: fomu, picha, vichwa vya habari. Hakuna la kusimulia.

Saa 4:10 nafungua tovuti ya chuo fulani. Nabonyeza Insert na F7, inakuja orodha ya linki zote za ukurasa. Nyie mnatupa jicho tu. Sisi orodha hii ndiyo jicho. Bofya hapa. Bofya hapa. Bofya hapa. Kumi na nne! Katikati yake picha isiyo na maelezo, basi ikasomwa IMG na msururu wa tarakimu, picha ya WhatsApp hiyo. Siku nyingine nabonyeza R narukia "Ratiba", F narukia "Fomu". Hapa zote B.

Nikaandika mapendekezo: "Fomu ya kujiunga (PDF, MB 2)", "Ratiba ya mitihani", "Ada na namna ya kulipa". Neno lenye uzito litangulie. Ukubwa wa faili uwepo, bando ni hela.

Saa 5 mteja kapiga.

"Dada, 'bofya hapa' watu wameizoea."

"Hapa wapi, kaka?"

"Si ina mstari chini, tena ya bluu?"

Bluu! Nikamuuliza: konda akiita "Shuka hapa!" kila kituo, utafika kwako? Akacheka, kisha akasema hana bajeti ya kubadilisha muundo. Muundo gani? Ni maneno. Nikamtajia kanuni ya 2.4.4 ya WCAG, mwongozo wa kimataifa wa tovuti zinazotumika na watu wenye ulemavu, daraja A, la chini kabisa: linki ieleweke kwa maneno yake au kwa sentensi iliyomo. Akadaka hapohapo: "Sentensi si zipo?" Zipo, ndiyo, na kwa kanuni hiyo anaweza kupita. Ila kwenye orodha yangu sentensi haziji, linakuja "bofya hapa" tupu. Tukazunguka hapo mpaka wali maharage wangu ukapoa.

Mchana fundi wetu akaja na ujanja: maneno ya skrini yabaki, aweke aria-label, maelezo yaliyofichwa ninayoyasikia mimi tu. Sawa, nijaribu. Nasikia "Fomu ya kujiunga", nafungua, ni ada. "Fomu ya kujiunga" tena, hosteli. Kakopi kapesti zote kumi na nne! Asubuhi nilikuwa sijui niendako, sasa nadanganywa. Kichwa kinagonga, heedifoni zimeshika joto, nikamwambia fundi: mdogo wangu, futa yote, andika maneno wazi, kila mtu ayaone.

Sijui ilikuwa saa ngapi, ila adhana ya magharibi ilishapita. Insert, F7. Ada na namna ya kulipa. Fomu ya kujiunga. Hosteli. Ratiba ya mitihani. Nikawa natabasamu peke yangu, mpaka ya mwisho: Bofya hapa.

Ni salamu za mkuu wa chuo. Mteja kasema hiyo haiguswi.