Siku moja gereji: Fuso lililogoma kuamka

Saa 12 na robo asubuhi, Igoma, Mwanza. Jana nilimwomba dereva gari lilale kwangu na mtu asiliguse mpaka nifike. Gari linalogoma asubuhi huwezi kulipima mchana likiwa na joto. Litawaka, na utamwona dereva mwongo.

"Mwangaluka, fundi."

"Mwangaluka, kaka. Panda, piga stata. Mimi natazama ekzosi."

Ni Fuso la zamani, linabeba dagaa kutoka Mwaloni Kirumba. Stata ilizunguka kwa nguvu sekunde kumi nzima, na kwenye ekzosi hapakutoka moshi hata kidogo. Nikapima betri: mbili kwa pamoja volti 25 zikiwa zimetulia, na stata ikizunguka hazikushuka chini ya 21. Betri nzima kabisa, na mwezi uliopita alikuwa amenunua mpya. Nilimwonea huruma.

Moshi ndio unaonisemesha. Ukitoka mweupe mzito na gari haliwaki, dizeli inafika ila haiungui. Hapo tuongelee nozeli zinazopuliza dizeli, kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya injini) au taimingi (wakati wa kupuliza dizeli). Usipotoka kabisa, dizeli haifiki.

Saa 1. Nikaishika pampu ya mkono, ya kuvutia dizeli kutoka tanki. Nilisukuma, nikasukuma, karibu mara arobaini, ikiwa laini kama inasukuma hewa tupu. Kisha ikakaza. Stata mara moja, gari likaunguruma. Kumbe usiku mafuta yanarudi tanki na njia inajaa upepo.

Saa 2, chai na vitumbua. Dereva ananieleza alikopita: nozeli amebadilisha, na gereji ya mwisho ilimwambia pampu ya dizeli ishushwe. Utingo akaongeza kwamba siku hizi wanaliwasha kwa kitambaa chenye petroli mdomoni mwa filta ya hewa. Hapo nililiweka kikombe chini. Jamani, msifanye hivyo. Petroli inalipuka kabla ya wakati wake, pistoni ikiwa bado inapanda. Ringi zinavunjika, pistoni inapasuka, na tatizo la mpira wa dizeli wa elfu chache linakuwa la kufungua injini nzima.

Nikamuuliza dereva: likilala limeinamisha pua? Akafikiri kidogo. "Hapo linaamka vizuri. Likiinua pua ndiyo shida." Jibu hilo lilinitosha. Pua ikiinuka, injini inakuwa juu ya tanki na mafuta yanateremka yenyewe usiku.

Saa 3 mpaka saa 6. Ugumu wa upande wa kuvuta, yaani njia ya kutoka tanki hadi pampu, ni kwamba palipotoboka hapadondoshi mafuta gari likitembea. Panavuta hewa, basi macho hayaoni kitu. Nilifunga kipande cha mpira unaoonyesha ndani kabla ya pampu ndogo ya kuvutia, tukawasha: mapovu yanapita mfululizo kama soda iliyofunguliwa sasa hivi. Nikaliacha tanki pembeni, nikavutisha dizeli kutoka kwenye dumu. Mapovu yakakatika. Basi ubovu uko kati ya tanki na hapo.

Nikatandika gunia, nikaingia chini. Mpira wa tanki ulikuwa umepasuka mdomoni, nikabadilisha. Mapovu yalipungua lakini hayakuisha, na hapa ndipo wengi wetu tunamkabidhi mtu gari. Nilifuata paipu ya chuma kwa vidole mpaka kwenye klampu ya chesisi. Vumbi la hapo lilikuwa jeusi na lenye unyevu, kwingine kote ni kavu. Nikafungua klampu, kutu ikadondoka kama maganda, na chini yake tundu dogo, ncha ya sindano ingepita.

Saa 7. Nilikata kipande kilichooza, nikaunga kwa mpira wa dizeli na klipu mbili. Wa maji usiuweke. Dizeli huulainisha, na baada ya muda unarudi palepale. Washa za shaba za filta nazo nikaweka mpya, nikatoa upepo wote.

Mchana uliobaki ulikwenda kwenye breki za Hiace.

Saa 12 jioni. Fuso lilikuwa limesimama kwa karibu saa tano, nimeliegesha makusudi limeinua pua. Stata haikumaliza hata mzunguko wa pili, likawaka. Dereva alitaka aende Mwaloni akapakie usiku huohuo. Nikamwambia hapana, kaka, hilo bado lina joto la mchana. Lilale palepale na pua yake juu, tutalijaribu alfajiri. Amekubali, na ufunguo ninao mfukoni.