Dereva wa utalii nimegeuka mgeni

Niko likizo Arusha, na kila nikikaa kijiweni na madereva wenzangu wa zamani swali ni lile lile, chalii kule Marekani wikiendi unafanyaga nini. Nikiwaambia naendaga kuangalia ndege wanacheka mpaka wanashika meza. Wana haki, maana enzi zile nasukuma Landkruza kwenda Manyara mgeni niliyekuwa namkwepa ni huyo huyo wa ndege, redio koli inasema chui yuko juu ya mti, magari yote yanakimbilia huko, wewe umesimamishwa kichakani kwa ajili ya kitu cha ukubwa wa kidole gumba.

Sasa kule ninakoishi, kaskazini ya Salt Lake City, jimbo la Utah, kuna hifadhi ya ndege inaitwa Bear River, ilianzishwa 1928, iko pale mto unapoingia kwenye lile ziwa kubwa la chumvi. Ziwa lenyewe haligandi kirahisi sababu ya hiyo chumvi, ila mabwawa ya maji ya mto pembeni yake Januari yanakuwa barafu tupu. Barabara ya kokoto ya maili 12 hivi inazunguka juu ya matuta, hulipi kiingilio, na unabaki ndani ya gari kwa sababu ile ile tunayoijua sisi, gari hawaliogopi, mtu akishuka tu wote wanapaa. Baridi ya kule ukiiendekeza unajifungia ndani miezi mitatu kazi na kulala, kwa hiyo mimi alfajiri nabeba chai kwenye chupa naondoka.

Kioo nimeshusha nusu, hita inapuliza miguuni, darubini ukiihemea kidogo tu inashika ukungu basi unajifunza kupumua kwa pembeni. Nikamkuta tai, yule wa kwenye noti ya dola moja, kichwa cheupe kama furukombe wetu ila kifua chake cha kahawia. Kakanyaga samaki juu ya barafu anamchana, akivuta kwa nguvu miguu inateleza, anapepesuka, anatanua mbawa kujiweka sawa anaanza tena, na nyuma yake kunguru wawili wanasubiri chenji. Nilizima injini. Vidole viliuma mpaka nikavisahau.

Hao tai walikuwa wanaisha, dawa ya wadudu ya DDT iliingia kwenye samaki, tai wakiwala hao samaki basi mayai yao yanakuwa na ganda jembamba yanapasuka wakiyalalia, ikapigwa marufuku Marekani 1972 na kufika 2007 wakatolewa kwenye orodha ya walio hatarini. Kijiweni hapo walinielewa. Walipokataa ni pale niliposema ndani ya hifadhi hiyo hiyo kuna sehemu watu wanaruhusiwa kupiga bata risasi. Hifadhi gani hiyo! Lakini ndio hivyo, tangu 1934 mwindaji wa bata lazima anunue stempu ya serikali, sasa hivi dola 25, na karibu hela yote inaenda kununua na kulinda ardhi oevu. Mimi siwindi ila naona akili ipo, kuliko kungoja mfadhili.

Kuna mzee mmoja huwa anapaki pembeni yangu na darubini yake ya miguu mitatu, maneno machache sana, siku hiyo nikamwambia natoka kwenye maziwa ya heroe. Akachangamka. Kumbe mwishoni mwa miaka ya 1980 heroe mmoja wa Chile alitoroka kwenye bustani ya ndege ya Salt Lake City, na kwa miaka mingi kila msimu wa baridi watu walikuwa wanamwona kwenye ziwa la chumvi, peke yake, wa pinki, katikati ya shakwe na theluji, mara ya mwisho ilikuwa 2005.

Hiyo nimewasimulia jana. Kimya kidogo, halafu mmoja, dereva mkongwe kuliko wote pale, akaweka kikombe chini akaniuliza, "Miaka yote hiyo, makaratasi alikuwa nayo?"