Nilivyopima kokwa za zambarau kama dawa ya kushusha sukari

Sukari ya panya ikishuka, usikimbilie kuisifu dawa. Nilipopima kokwa za zambarau hapa Tanga, kazi kubwa ilikuwa kuhakikisha ni dawa iliyoishusha, si kitu kingine.

Kwanza nilibana tawi lenye maua kwenye magazeti, likathibitishwa Lushoto, kwenye hifadhi ya mimea ya TAFORI, taasisi ya utafiti wa misitu, kuwa ni Syzygium cumini. Nyama ya tunda niliiondoa yote, maana ina sukari yake. Kokwa nilizianika kivulini, nikazitwanga, nikachemsha gramu 100 kwa lita 1 ya maji kwa nusu saa. Wapo wanaotumia spiriti. Mimi sikubali: spiriti hutoa vitu ambavyo maji hayatoi, na mgonjwa kwa mganga hunywa maji. Nikachuja, nikakausha kwenye oveni kwa nyuzi 45 hadi ukabaki unga.

Adui ni unyevu wa pwani. Unga huo ukiachwa wazi usiku mmoja, asubuhi ni donge linalonata vidoleni kama halua. Pima miligramu 100 za donge hilo, sehemu yake ni maji na dozi imeshapungua. Chupa iwe na mfuniko wa kubana, pembeni uweke silika jeli, punje zinazonyonya unyevu. Vijiti vya mashine ya kupimia sukari navyo vivyo hivyo. Kopo likikaa wazi, majibu hayaaminiki.

Kibali cha maadili kilipopatikana, niliwachoma panya weupe sindano ya alloksani, kemikali inayoua seli za kongosho zinazotengeneza insulini: miligramu 150 kwa kila kilo ya uzito, iliyoyeyushwa papo hapo kwenye maji ya chumvi baridi, kwa kuwa huharibika upesi. Seli zikifa humwaga insulini iliyokuwamo, na saa chache baadaye sukari huanguka vibaya. Usiku huo wape maji ya glukosi ya asilimia 5, la sivyo asubuhi utaokota mizoga. Baada ya saa 72 niliwachukua ambao sukari yao ilivuka milimoli 11.1 kwa lita ya damu tu.

Dozi ya unga wa kokwa ilikuwa miligramu 500 kwa kilo. Panya wa gramu 200 hupata miligramu 100 ndani ya mililita 2, kwa sindano butu ya mdomoni. Wiki nzima kabla ya hapo wazoeshe kushikwa, kwani panya mwenye hofu sukari yake hupanda.

Kundi la panya wagonjwa wanaopewa maji matupu usilipunguze hata kama panya ni wachache. Baadhi yao kongosho hujirudi, sukari ikashuka bila dawa yoyote. Asiye na kundi hilo ataipa dawa sifa isiyo yake. Kundi jingine lipewe glibenklamidi, dawa ya kisukari ya hospitali. Yenyewe huzihimiza seli zilizobaki zitoe insulini, kwa hiyo isiposhusha chochote, huenda alloksani imeua karibu seli zote. Hapo kokwa zikishindwa pia, huwezi kusema hazifai: zinaweza kuwa zinafanya kazi kwa njia hiyohiyo, na zimekosa seli za kuhimiza.