Kung'oa hodhi la zamani bila kumwagia jirani wa chini maji

Katika fleti za zamani za Kileleshwa na Parklands, Nairobi, hodhi la kuogea hushikwa mahali pane. Ukingo wake umeingia chini ya vigae vya ukuta. Mbele limezibwa kwa kiukuta cha mawe au matofali. Koki zake zimefungwa kwa nati kutoka chini. Na tundu la maji machafu kwa kawaida limeungwa na trapu iliyo chini yake, yaani kipinda cha bomba kinachobaki na maji ili kuzuia harufu. Ukiachilia pote pane, linatoka kwa mikono. Ukiachilia patatu ukaanza kuvuta, pale pa nne ndipo panapovunjika, na mara nyingi huwa ni bomba la maji machafu lililo juu ya dari ya jirani. Kwa hiyo hodhi likikataa kutoka, weka mtaimbo chini, chukua tochi, utafute kinacholishika.

Kwanza jua hodhi lako ni la nini. Chukua sumaku. Isiposhika, ni la akriliki au faibaglasi, kilo 15 hadi 30, na watu wawili wanalibeba bila shida. Ikishika, gonga ubavuni kwa kifundo cha kidole. Likilia kama sufuria, ni la bati la chuma lililopakwa enameli, kama kilo 40. Likitoa sauti nzito na fupi, ni la chuma cha kusubu, na lenye urefu wa mita 1.7 laweza kufika kilo 150 au kupita. Hilo hutafutiwa watu wanne, au huvunjwa papo hapo. Fundi akikuambia vijana wawili watatosha kulishusha ngazi kutoka ghorofa ya tatu, mkatalie. Mgongo wa mtu si wa kujaribiwa hivyo.

Sasa maji. Bafu nyingi Nairobi hulishwa na tangi la juu, nalo tangi hujazwa siku za mgao. Geti valvu ya tangi, ile ya kufunga maji kwa gurudumu, ambayo haijaguswa kwa miaka mingi haifungwi kwa nguvu. Ukiilazimisha, shina linakatika ndani: gurudumu linazunguka vizuri mkononi huku ulimi wake haujashuka hata kidogo, nawe unadhani umefunga. Izungushe robo, irudishe, weka tone la mafuta kwenye shina, rudia. Ikikataa kabisa, laza kipande cha mbao juu ya mdomo wa tangi, funga boya kwenye mbao hiyo kwa waya ili tangi lisijae tena, mwaga maji yaliyomo, na ubadilishe valvu siku hiyo hiyo. Kisha fungua koki iliyo chini kuliko zote nyumbani, uiache wazi hadi iishe kutiririka.

Kila mdomo wa bomba utakaobaki wazi uzibwe kwa plagi ya chuma yenye uzi, ya nusu inchi au robo tatu, ikiwa na tredi-tepu (utepe mweupe wa kuziba uvujaji kwenye uzi) ya kutosha. Kijiti kilichoviringwa mpira wa baiskeli si plagi. Hapa ndipo nyumba za watu huharibika: kazi inafanywa mchana bomba likiwa kavu, kila mtu anasahau, maji ya mgao yanafika usiku wa manane, na asubuhi dari ya jirani imeanguka. Ziba hata kama hakuna tone.

Umeme wa shawa unahitaji uangalifu uleule. Kichwa cha shawa ya umeme cha wati 5,500 huvuta takriban ampea 23 kwenye volti 240, na katika majengo ya zamani mara nyingi kiliongezwa baada ya nyumba kuisha. Waya wake huenda umefukiwa ndani ya plasta kwa njia ya mkato, pengine hata mshazari. Zima swichi yake, zima na breka kwenye sanduku la umeme, kisha hakikisha kwa testa kabla ya kufungua chochote. Ncha za waya zifungwe kwa konekta na zirudishwe ndani ya boksi, si kuachwa zikining'inia.

Zana za kuwa nazo: nyundo ya pauni nne, tindo bapa na tindo ya ncha, grinda ya inchi nne na nusu yenye diski ya almasi, paip rench mbili, msumeno wa chuma, mtaimbo, kisu cha kukatia silikoni, turubai, ndoo na magunia. Miwani, glavu na barakoa ya vumbi ni lazima, kwa sababu vumbi la vigae na simiti lina silika, nayo ikiingia mapafuni haitoki. Nyunyiza maji kidogo unapobomoa, ila si karibu na grinda ya umeme.

Kabla ya pigo la kwanza, ziba tundu la hodhi kwa kitambaa kikubwa na utandike blanketi kuukuu ndani yake. Vipande vya vigae vikiingia kwenye trapu sasa, vitakusumbua mwaka mzima.

Anza na ukuta. Kama unabakisha vigae vya sehemu nyingine, kata mstari kwa grinda kwenye kiungo, ndani hadi plasta, ndipo mtetemo ukome hapo. Kisha vua kuanzia safu ya juu ukishuka. Tindo bapa ilazwe karibu sambamba na ukuta, iingie nyuma ya kigae. Ukiielekeza moja kwa moja ndani ya ukuta unapiga jiwe, si kigae. Vigae vya zamani vilibandikwa kwa simiti na mchanga, si kwa gundi, basi tarajia plasta ya sentimita mbili au tatu ishuke navyo vipande vikubwa. Iache ishuke. Kuhangaika kuokoa plasta ya sehemu inayomwagiwa maji ni hasara, kwa sababu plasta iliyolegea ikipakwa dawa ya kuzuia maji itabanduka nayo. Gonga kwa mpini wa tindo: panapolia wazi, panatoka.

Kuwa mwangalifu na ukuta mwembamba. Wa mawe ya inchi sita unastahimili nyundo. Wa inchi nne unaotenganisha bafu na chumba cha kulala haustahimili, na pigo zito upande huu linaangusha plasta ya upande ule. Hapo tumia nyundo ndogo na subira. Na kwenye mstari wa mixa (koki inayochanganya maji moto na baridi) kwenda juu hadi kichwa cha shawa, acha sentimita 15 kila upande uzivue mwisho, kwa mkono mwepesi, maana bomba la chuma lililofukiwa huweza kuwa sentimita mbili tu nyuma ya kigae na ukuta wake umeliwa na kutu kwa ndani.

Safu ya mwisho, ile inayokalia ukingo wa hodhi, ndiyo yenye siri. Ukingo umeingia ukutani sentimita moja au mbili, umefunikwa na plasta, umezibwa na silikoni tabaka juu ya tabaka. Kata silikoni yote kwa kisu, kisha safisha plasta hadi uone ukingo mzima pande zote tatu, pamoja na pembe. Pembe ndizo husahaulika. Ukiweza kupitisha bamba la kisu kati ya ukingo na jiwe kutoka mwanzo hadi mwisho, pa kwanza pamefunguka.

Wenye paneli za plastiki zilizobandikwa juu ya vigae wana kazi fupi: kata silikoni ya viungo, ingiza mtaimbo mwembamba, zing'oe moja moja. Chini yake utakuta vigae vilevile, na mara nyingi ukungu mweusi.

Ukubwa wa kifusi huwashangaza wengi, kwa hiyo tupige hesabu. Kuta tatu kuzunguka hodhi la mita 1.7 kwa 0.7 ni mita 3.1 za urefu. Zidisha kwa mita 1.8 za kwenda juu, unapata karibu mita mraba 5.6. Kigae na plasta kwa unene wa sentimita tatu na kidogo ni karibu kilo 370. Kiukuta cha mbele kinaongeza kama kilo 170. Jumla ni zaidi ya nusu tani, yaani magunia 20 hivi yaliyojazwa nusu tu, kwa sababu gunia lililojaa kifusi halibebeki na hupasuka ngazini. Usiyarundike katikati ya chumba. Yashushe kadiri yanavyojaa, na umwambie keateka mapema pikapu itaegesha wapi. Kifusi kipelekwe panaporuhusiwa, si kando ya mto wala ukingo wa barabara.

Kiukuta cha mbele kibomolewe kutoka juu, safu moja moja. Ukianza chini, kinaangukia ndani, juu ya bomba lile lile unalolilinda. Nyuma yake utakuta mende, mchanga uliolowa, na vipande vya mawe ambavyo mafundi wa kwanza waliviacha humo badala ya kuvibeba. Vitoe vyote kwa mkono hadi uone mabomba waziwazi.

Hapa punguza mwendo. Mulika chini ya hodhi uone maji machafu yanaenda vipi. Huenda kuna trapu yake ya inchi moja na nusu, yenye nati za kufungua. Huenda pia hodhi halina trapu yake, linamwaga moja kwa moja kwenye trapu ya sakafu iliyo chini yake, bila kufungwa kwa chochote. Hapo kila kokoto linaloanguka linaingia bombani. Nati za shaba zilizoganda usizipige. Kata shina kwa msumeno wa chuma kati ya hodhi na trapu, upande wa hodhi, ili uzi wa trapu ubaki mzima. Tundu la juu la kupitishia maji ya ziada nalo lina bomba lake. Likate au ulifungue. Kisha ziba mdomo wa trapu kwa kitambaa kinene, fundo likiwa nje na limefungwa uzi mrefu ili kisimezwe, na ufunike kwa kipande cha plaiwudi. Kitambaa hicho kinazuia kifusi na pia harufu ya maji taka.

Nati za koki ziko chini ya ukingo, mahali ambapo mkono hauingii vizuri. Tumia spana ndefu ya beseni. Kwenye bomba la chuma la zamani, paip rench moja ishike bomba na ya pili izungushe nati. Ukitumia moja peke yake, nguvu yote inasafiri hadi elbo iliyo ndani ya ukuta, inapasuka, na hutajua hadi ufungulie maji.

Sasa liinue upande mmoja kwa mtaimbo, juu ya kipande cha mbao. Likiinuka sentimita mbili pande zote bila kukwama, liko huru. Hodhi la upana wa sentimita 70 halipiti likiwa limelala kwenye mlango wa sentimita 70. Ligeuze kwa ubavu wake, litapita kwa kina chake. Fungua miguu kwanza.

La chuma cha kusubu linalovunjwa lifunikwe kwa blanketi nene, na nyundo ya kilo tano ipige kuta zake za ubavuni, kamwe si kitako, ili kishindo kisiende kwenye slabu na kwenye trapu. Enameli huruka kama vioo, basi avaaye miwani asiwe mpigaji peke yake. Ziba na masikio. Vipande wauzie wanunuzi wa vyuma chakavu wenye leseni. Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015 inawataka wawe nayo.

Sakafu iliyokuwa chini ya hodhi itazame kwa makini kuliko kitu kingine. Kwa kawaida haikuwekewa vigae wala dawa ya kuzuia maji, na usawa wake hutofautiana na wa chumba. Ukiona slabu imemeguka na nondo zina kutu, maji yamekuwa yakivuja kwa muda mrefu. Ita mtu wa kazi hiyo kabla ya kufunika. Ikiwa imelowa tu, iache ikauke.

Ukuta ukiwa wazi, badilisha mabomba ya chuma kwa PPR (mabomba ya plastiki yanayounganishwa kwa moto), milimita 20 pale palipokuwa na nusu inchi na 25 pale pa robo tatu, na uyapime kwa presha kabla ya plasta. Wanaoweka shawa mahali pa hodhi wasiamini bomba la inchi moja na nusu kwa sababu tu lilitosha zamani. Hodhi huhifadhi maji, likitoka polepole hakuna anayejali. Sakafu ya shawa haina pa kuyahifadhi, nayo yanafurika mlangoni. Inchi mbili ndizo zinazofaa, pamoja na mteremko wa sentimita moja na nusu hadi mbili kwa kila mita. Lakini kubadilisha bomba hilo kwenye fleti ni kufungua dari ya jirani, kwa hiyo mwendee kabla ya kununua vigae, si baada ya kuvibandika.

Bomba likishaunganishwa, toa kitambaa, mimina ndoo ya lita 20 kwa mkupuo, kisha nyingine. Paka dawa ya kuzuia maji, ikikauka ziba tundu, jaza maji sentimita tatu hadi tano na uyaache saa 24. Kesho yake bisha hodi ghorofa ya chini, uombe kuitazama dari yao ukiwa na tochi.